Mbwa ni bure, lipa boksi

Barua tatu za mwezi huu zote ni za mbwa. Mhariri aliponikabidhi alicheka: "Mzee, umepata wateja wapya." Ni kweli. Miaka yote hii nimejibu kuku wanaokufa kwa kideri, ng'ombe asiyeshika mimba, mbuzi aliyemeza mfuko wa nailoni. Mbwa huku kwetu watu humuulizia kwa sauti ya chini, kama anayeulizia deni. Naanza na barua iliyo fupi, kwa sababu jambo lake haligojei zamu.

Amemng'ata mtoto kwa mchezo

*Babu Mifugo, shikamoo. Wiki iliyopita nilinunua mtoto wa mbwa njiani, kwa kijana aliyekuwa na boksi. Jana alikuwa anacheza na mwanangu wa miaka sita, akamtia jino kidoleni. Damu kidogo tu. Jirani anasema nipake thomu na chumvi. Niende hospitali au nimtazame kwanza? – Baba Fuoni*

Marahaba. Wewe nimeshakupigia simu siku ile ile niliyoisoma barua yako, na nashukuru umenisikiliza. Haya ni kwa wengine.

Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, na ukifika useme wazi: mtoto ameng'atwa na mbwa ambaye chanjo yake haijulikani. Thomu ni ya mchuzi. Mafuta ya taa ni ya jiko. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna daktari atakayekirudisha nyuma. Sindano husaidia kabla ya hapo tu. Na "damu kidogo" kidoleni si kidogo, kwa sababu kidole kimejaa mishipa ya fahamu, na kirusi hiki hupanda kwenda kwenye ubongo kwa njia hiyo hiyo.

Mbwa asiuliwe kwa hasira. Afungwe peke yake, apewe maji na chakula, atazamwe siku 10, na bwana mifugo wa wilaya aambiwe. Akifika siku ya kumi mzima, basi siku aliyong'ata hakuwa na ugonjwa huo mateni. Sindano ziendelee au zisimame, hilo ni la daktari. Usingoje siku kumi ndipo uende hospitali. Watu wamekufa kwa kuipindua hesabu hiyo.

Namwonea huruma

*Assalaam alaykum Babu Mifugo, na shikamoo. Mimi na mume wangu tunajenga Tunguu. Tumeibiwa nondo mara mbili, na mara ya pili wamebeba na saruji mifuko minane. Mume wangu akasema tutafute mbwa. Kule Mwanakwerekwe, siku za Jumapili, kuna kijana hukaa njiani na boksi la sabuni, ndani watoto wa mbwa watano au sita. Anasema ni mchanganyiko wa Jemani, yaani mbwa wa Kijerumani, wana miezi mitatu, wamechanjwa, na kadi anayo. Anataka elfu themanini. Nilipomwambia kwamba katika dini yetu mbwa hana thamani ya kuuzwa, akanijibu: "Mama, mbwa ni bure, wewe lipa boksi." Nimepita pale mara tatu. Yupo mmoja mweusi mwenye doa jeupe kifuani, anatetemeka tu, na Jumapili iliyopita hakunyanyua kichwa. Mwanangu analia tumchukue. Nikimnunua namwokoa, au nafanya kosa? Nikimwacha akafa, si nitaulizwa? – Mama Tunguu*

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Kabla sijakujibu nikiri jambo. Unamuuliza mtu aliyelifanya kosa hilo hilo akiwa na cheti cha mifugo mfukoni.

Nilikuwa Unguja kwa semina ya wiki mbili, nimefikia kwa dada yangu Kisauni. Jioni narudi nikamkuta kijana ametua pakacha chini ya mwarobaini, ndani vijibwa vinne. Kimoja jicho limegandwa na tongo, mbavu unazihesabu. Nikajiambia: mimi ndiye bwana mifugo, nikikiacha hiki nani atakichukua? Nikalipa alichotaka, hata kupatana sikupatana, maana mtu haombi apunguziwe bei ya kitu anachokiokoa. Nikakisafisha jicho, nikakipa dawa ya minyoo, siku ya tatu kikanikimbilia na mkia unatikisika. Dada yangu, ambaye hataki mbwa hata kwa picha, akaanza kukiwekea kichwa cha dagaa uani.

Siku ya tano kikaacha kula. Siku ya sita kikatapika povu la njano, na usiku ikaja ile harufu ambayo aliyeinusa mara moja haimtoki puani: kuhara damu. Ni ugonjwa wa parvo. Mtoto wa mbwa akiupata, dalili hutokea baada ya siku tatu mpaka saba hivi, na huo ndio muda ule ule ambao muuzaji ameshafika mtaa mwingine. Alfajiri nikakizika nyuma ya choo. Dada hakusema kitu. Alinipa ndoo ya maji na gao la udongo, akanambia, "Osha mara saba," akaingia ndani.

Lakini si hilo lililoniuma. Jumapili iliyofuata nikapita pale pale chini ya mwarobaini. Kijana yupo, na pakacha moja limekuwa mawili. Akanichangamkia kama ndugu: "Mzee! Wako anaendeleaje? Leo nimeleta wengine." Nikasimama pale na mkoba wangu wa semina. Mbwa sikumwokoa, nilimtia kijana mtaji. Huruma yangu ndiyo iliyonunua pakacha la pili.

Na kirusi nikamwachia dada. Hukaa udongoni miezi mingi, mwaka hata zaidi, mvua zote mbili zikapita juu yake. Mwaka uliofuata jirani yake alipewa kijibwa kizuri, kikavuka ua kucheza nyuma ya kile choo. Wiki haikwisha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama unamwokoa, nakuuliza na mimi: yupi? Aliye ndani ya boksi umemwona. Mama yake hujamwona, na hutaonyeshwa. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi, na hupata joto kama mara mbili kwa mwaka. Anayefanya biashara hii hamwachi apumzike. Kila msimu anampandisha. Katika kazi yangu nimeingia nyuma ya nyumba za namna hiyo. Jike amefungwa mnazini kwa waya wa umeme, matiti yanaburura, maji yako kwenye kopo la rangi lililokauka tangu juzi. Watoto wanaondolewa wakiwa na wiki nne au tano, maana akiendelea kunyonyesha anakonda zaidi na watoto wanaanza kula chakula cha kununuliwa. Huyo ndiye unayemlipia boksi.

Wengine hata jike hawana. Wanawaibia wasasi, yaani wawindaji: mtu kaenda msituni na mbwa wake, amemwacha jike mzazi bandani, anarudi anakuta amebaki akinusanusa majani makavu.

Sasa hiyo kadi. Iombe uishike mkononi mwako. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mtoto akifika miezi mitatu. Basi tazama na umri wake, si kwa maneno ya kijana bali kwa mbwa mwenyewe. Mgeuzie macho kwenye mwanga: yakiwa na rangi ya moshi, ya buluu buluu, huenda huyo wiki nane hajazifikisha. Tumbo likiwa duara kama dafu na mgongo umekonda, si maziwa hayo, ni minyoo, na watoto wengi huzaliwa nayo kutoka kwa mama. Anayelala mchana kutwa juani, magari yanapita na watu wanamshika, asiamke, usiseme mpole. Halafu soma kadi: iko stika ya chupa ya chanjo? Uko mhuri na jina la aliyechanja? Na watoto sita wana kadi moja, ya yupi? Nimewahi kuonyeshwa kadi ambayo tarehe ya chanjo ilikuwa mbele ya siku tuliyosimama. Mwenyewe hakuona haya, alisema karani alikuwa na haraka.

Habari ya Jemani sitaigusa. Kila mbwa mwenye mgongo mweusi njiani ni Jemani mpaka akue.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani mapema. Mtoto wa mbwa hujifunza kipimo cha jino kwa mama na ndugu zake. Akimng'ata mwenziwe sana, mwenziwe analia na mchezo unakatika. Wiki hizo za tano mpaka ya nane ndizo skuli yake. Aliyetolewa kabla huja kujifunzia kwenye mikono ya mwanao. Msome tena Baba Fuoni hapo juu.

Na suala la dini: mimi ni mtu wa mifugo, fatwa mpelekeeni mwenye elimu. Lakini tumekaa madrasa sote, na tunajua kwamba imepokewa katazo la thamani ya mbwa, na kwamba wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwinda wametajwa mbali na wa kufuga bure bure. Ninachoweza kusema ni kuhusu boksi. Yule kijana ni mwerevu, nilicheka kwa sauti nilipolisoma jibu lake. Ila boksi la sabuni dukani unapewa ukiomba. Elfu themanini ya boksi! Anajua anachouza, nawe unajua, na anayetuona sote wawili hadanganywi kwa katoni.

Wazee wetu walikuwa na njia yao, na naiona safi kuliko hii. Hapa Pemba msasi, mbwa wake akizaa, hauzi. Unakwenda kwake, unakaa, unamwona jike, unamwona dume kama yupo, unaambiwa yupi mkali na yupi mwoga. Unaambiwa urudi baada ya wiki kadhaa. Siku ya kumchukua unakwenda na kilo ya sukari au mchele, si bei, ni heshima ya aliyemlisha mama. Na ukimtesa mbwa yule, habari zitamfika na atakuja kumchukua mbele ya watu. Nimeshuhudia. Hakuna risiti yenye nguvu kama hiyo.

Nasikia Waingereza nao wamelifikia jambo hili kwa njia ya sheria. Huko England, tangu Aprili 2020, duka wala dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 6. Mnunuzi amfuate mzalishaji mwenyewe na amwone mtoto pamoja na mama yake. Sheria waliipa jina la Lucy, jike mmoja aliyetolewa kwenye banda la kuzalishia mwaka 2013 akiwa ameharibika mgongo kwa kufungiwa. Msasi wa Micheweni hajaisikia Lucy na anafuata sheria yake.

Tuje kwenye nondo zako. Mwanangu, mtoto wa mbwa wa wiki sita halindi nondo. Wewe ndiye utakayemlinda yeye, kwa mwaka mzima, na mwizi atamchukua pamoja na saruji. Kama shida ni wizi wa sasa, tafuta mlinzi wa sasa, au mbwa mkubwa ambaye mwenyewe anahama. Unguja wako watu na jumuiya wanaookota mbwa, wanawatibu na kuwatafutia kwa kukaa. Wengi wa mbwa hao ni wakubwa, wameshachanjwa, na tabia zao zinajulikana. Ile elfu themanini iweke kwenye banda lenye kivuli, chanjo ya kila mwaka, dawa ya minyoo, na bakuli lake mwenyewe asije akala kwenye vyombo vyenu. Ukitaka mtoto, mtake aliyemaliza wiki nane, na usimchukue kabla hujamwona mama yake akisimama kwa miguu yake.

Nimezunguka, najua. Unamngoja yule mweusi mwenye doa.

Usimnunue. Sikwambii hivyo kwa moyo mwepesi, na siwezi kukuahidi kwamba hatakufa. Kwa ulivyomweleza, huenda wakati unasoma hili ameshakufa. Lakini kumwacha muuzaji si kumwacha mbwa. Kesho asubuhi nenda ofisi ya mifugo ya wilaya, ueleze mahali, siku na saa, na kwamba kuna watoto wagonjwa wanauzwa kwa kadi isiyoeleweka. Mwambie na sheha. Neno la kadi ya uongo litawatoa ofisini kuliko neno la huruma, kwa hiyo litangulize. Ikiwa watamchukua na wakakuuliza kama unaweza kumlea, mchukue, bila senti, na umweke mbali na mbwa wa jirani mpaka daktari aseme. Na ukienda ukakuta umeshindwa, umetoa fedha kwa sababu alikutazama, sitakusema vibaya. Nina kaburi nyuma ya choo cha Kisauni. Ila Jumapili inayofuata usipite njia ile, maana utaonyeshwa faida ya mtaji wako.

Kijana usimkaripie. Mara nyingi yeye mali si yake. Wa kwangu aliniambia, tulipozoeana, kwamba mtu huwateremsha alfajiri kutoka kwenye gari na kurudi magharibi kuchukua hesabu. Yeye anabakia na kidogo, na aliyekufa ndani ya pakacha hukatwa kwenye hicho kidogo. Ndiyo maana wanaotetemeka huwekwa juu. Sisemi ni ukatili wake. Amejifunza tu kwamba wazima hupitwa na anayetetemeka ndiye anayewasimamisha akina mama.

Mtoto wako akilia, mpeleke kwa mwenye mbwa aliyezaa akae naye adhuhuri moja, amwone mama anavyowapokonya mfupa wanawe. Wa kwangu nilimpeleka akiwa na umri kama wa wako. Alirudi hataki mbwa tena, anataka punda. Hilo lina shida zake.

Jemani kutoka Tanga

*Babu, salaam. Niko Wete. Rafiki yangu wa Tanga amepata watoto wa Jemani sokoni kwa bei nzuri sana, ameninunulia dume. Nahodha mmoja amekubali kumleta kwenye chombo, anasema bandarini hakuna anayeuliza. Nataka unishauri chakula cha kuanzia. – Kijana wa Wete*

Chakula utanisubiri. Mbwa huyo asipande chombo.

Wewe ni kijana, pengine huyakumbuka. Kisiwa hiki kimekuwa na kichaa cha mbwa. Nilikuwamo katika zile siku za chanjo chini ya miembe, wasasi wanakuja na mbwa wamefungwa kamba ya katani, mnyororo wa baiskeli, mmoja kamleta wake begani kama mbuzi wa Idi. Shehia kwa shehia, kisiwa kizima, kila mwaka, kwa sababu ukiwachanja kama asilimia 70 ya mbwa ugonjwa unakosa pa kurukia. Watafiti waliokuja kufuata ugonjwa huu mbwa kwa mbwa, na kusoma vinasaba vya kirusi, walikuta kwamba tangu 2010 kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi Pemba, na yote ilikuwa imekatika kufikia Mei 2014. Tukapumua. Chanjo zikalegea, kama inavyokuwa watu wakipumua. Mwishoni mwa 2016 kirusi kikaingia tena kutoka nje, si mara moja, mara mbili, kikakuta mbwa wasio na kinga. Mpaka Oktoba 2018 ndipo tulipokimaliza, na hapo katikati watu waling'atwa.

Mkondo wa Pemba una kina cha kumeza meli, na kirusi hiki hakiogelei. Kuna mtu alikibeba. Pengine alikuwa kijana mwema kama wewe, amepata dume zuri kwa bei nzuri, na nahodha kamwambia hakuna anayeuliza. Mbwa aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, anakula na kucheza kama mzima. Ukimtazama hutajua. Mimi nikimtazama sitajua.

Na bei nzuri sana ya Jemani sokoni yenyewe ni dalili. Muulize rafiki yako kama alimwona mama. Akisema "muuzaji alikuwa na boksi," ukurasa uliotangulia umeandikiwa wewe.

Ukimtaka kwa haki, akae Tanga kwa rafiki yako. Achanjwe akifika miezi mitatu, mbele ya daktari wa mifugo anayeweka mhuri wake, kisha angoje, maana chanjo haijengi kinga siku ile ile. Wakati huo wewe nenda ofisi ya mifugo ya hapa uulize kibali cha kumwingiza mnyama, kabla hajaletwa, si baada. Na nahodha wako mwambie nimemuuliza mimi.

Au acha habari ya Tanga kabisa. Kuna msasi upande wa Konde, jike lake limezaa watano, leo wiki ya tano. Masikio yao hayasimami, mgongo si mweusi, na hakuna atakayewaita Jemani. Nimewaona wote, na mama nimemwona. Hauzi. Anasema anayetaka aje baada ya wiki tatu, aje na kamba yake, na mwenye sukari asione haya.